Postidoki ya Baiolojia ya Mifupa: Mwongozo Kamili wa Kupanga Kazi kwa Kalenda ya Mfupa

Mkataba wa kwanza wa utafiti wa baada ya uzamivu, ambao wengi tunauita postidoki tu, kwa kawaida huwa wa miaka miwili, na mara nyingine ni wa mwaka mmoja mmoja unaohuishwa. Mfupa hausomi mkataba. Panya aliyefutwa jeni kwenye seli za mfupa hupatikana baada ya vizazi viwili vya kuzalisha, kisha lazima akue, kisha mfupa wake ulainishwe wiki mbili kabla ya kisu kupita. Nimeona watafiti hodari wakifika mwezi wa 20 wakiwa na picha nzuri lakini bila jibu, kwa sababu walipanga kazi kama watu wa seli za kwenye sahani, ambako jaribio linaloanza Jumatatu huisha Ijumaa.

Mwongozo huu ni kwa aliyemaliza shahada ya uzamivu, au yuko ukingoni kumaliza, awe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au ughaibuni, na anataka kuingia kwenye utafiti wa mifupa. Kila hatua hapa itarudi kwenye jambo moja: hesabu muda wa mfupa kwanza, mengine yote uyapange kuuzunguka.

Kabla ya yote: unaingia kwenye nini

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Wabomoaji ni osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi zilizotokana na ukoo wa seli za damu. Hujibandika juu ya mfupa, humwaga asidi na vimeng'enya, na kuacha kishimo. Wajenzi ni osteoblasti, ambazo hujaza kishimo kile kwa kolajeni, na baadaye madini ya kalsiamu na fosfeti huingia humo. Baadhi ya wajenzi hufukiwa ndani ya ukuta walioujenga na kugeuka osteositi. Hizi ndizo zaidi ya asilimia 90 ya seli za mfupa wa mtu mzima, na ndizo zinazohisi uzito unaoubeba na kuamua nani aitwe kazini, mjenzi au mbomoaji.

Kinachonivuta kwenye taaluma hii ni jinsi wagonjwa wachache walivyozaa dawa kubwa. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao sklerosteosi, unaojulikana zaidi miongoni mwa Waafrikana wa Afrika Kusini, ambao mifupa ya wenye nao hunenepa kupita kiasi hadi kubana mishipa ya fahamu ya uso. Ndugu yake wa karibu, ugonjwa wa Van Buchem, uko Uholanzi. Mwaka 2001 chanzo cha sklerosteosi kilipatikana: hitilafu kwenye jeni SOST inayotengeneza sklerostini, protini ya osteositi inayowafungia breki wajenzi. Breki ikikosekana, ujenzi hausimami. Dawa ya romosozumabu, ambayo ni kingamwili inayoikamata sklerostini, ilipata kibali Marekani mwaka 2019. Ni miaka 18 kutoka jeni hadi sindano. Upande wa ubomoaji, RANKL, protini inayowaita wabomoaji kazini, na mpinzani wake OPG vilitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na denosumabu inayoizuia RANKL ikaidhinishwa Marekani mwaka 2010. Ukizishika njia hizi mbili vizuri, utafuata nusu ya mazungumzo ya mkutano wowote wa mifupa.

Hatua ya 1: Tafuta swali kabla ya kutafuta nchi

Wengi huanza na nchi: nataka Ujerumani, nataka Marekani. Anza na swali, maana swali ndilo litakalokuambia nani anaweza kulijibu. Na kwetu hatukosi maswali ya mifupa.

Kuna floridi. Kwenye maeneo ya Bonde la Ufa, Arusha na pembezoni mwa Mlima Meru ikiwemo, baadhi ya vyanzo vya maji vina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia kila mtu huyaona. Miguu iliyopinda na mgongo uliokakamaa huja baada ya miaka. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi muda mrefu ya kuondoa floridi majini kwa kuyachuja kwenye makaa ya mifupa ya ng'ombe. Tafakari hapo. Madini yanayonasa floridi ndani ya chujio ndiyo hayo hayo yanayoinasa ndani ya muundi wa mtoto. Namna osteoblasti na osteoklasti zinavyofanya kazi juu ya mfupa uliokwisha kubeba floridi ni swali halali la maabara yoyote kubwa duniani, na wewe unatoka mahali lilipozaliwa.

Kuna matege. Tumezoea kusema matege ni kukosa jua, lakini utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto wenye matege wakipona vizuri zaidi kwa kalsiamu, ikiwa peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko kwa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Kilichopungua kilikuwa kwenye chakula. Kuna selimundu, ambayo huziba mishipa midogo hadi kichwa cha fupa la paja kikafa kwa kukosa damu, na mgonjwa akachechemea akiwa kijana. Kuna tenofovir, dawa ya VVU iliyookoa watu wengi sana, ambayo katika umbo lake la zamani hupunguza uzito wa madini ya mfupa na inaweza kuvujisha fosfeti kupitia figo.

Andika swali lako kwa sentensi moja yenye seli ndani yake. "Nataka kusoma mifupa na selimundu" bado ni mada tu. "Je, kukosa oksijeni kunafanya osteositi za kichwa cha paja zitoe RANKL zaidi?" hilo ni swali, kwa sababu linakuonyesha cha kupima.

Hatua ya 2: Chagua maabara kwa kuangalia nani anakata mfupa

Soma makala tano za karibuni za maabara unayoitamani. Usiishie kwenye muhtasari. Nenda kwenye mbinu, uone vipimo vya mfupa vilifanyika wapi. Ikiwa kila kipimo kililipiwa nje, utarudi nyumbani unajua kujaza fomu za kuagiza huduma. Ikiwa wana mkataji wao wa vipande, hadubini yao na mtu mmoja aliyekaa miaka kumi akikata mifupa migumu, hapo pana shule. Fundi huyo mara nyingi atakufundisha mengi kuliko profesa. Mheshimu tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza mambo haya kwa simu au kwa video, usiyaache kwenye barua pepe:

Panya ninaohitaji wapo tayari, wameagizwa, au ni wazo tu? Mashine ya maikro-CT, ile ya kupiga picha za eksirei za mfupa kwa tabaka, iko jengo gani, na foleni yake ni siku ngapi? Nani huamua jina la kwanza kwenye makala? Waliotoka hapa wako wapi sasa? Nikiondoka, naenda na sehemu gani ya mradi?

Swali la mwisho huwaogopesha watu wetu, maana tumelelewa kutomuuliza mkubwa mambo ya mali mapema. Liulize kwa adabu, lakini liulize. Msimamizi mwema atalifurahia, na anayekasirika amekwishakujibu.

Kisha tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi pale, umpigie mzungumze. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya 3: Barua pepe ya kwanza

Fupi, aya tatu, bila "nimevutiwa sana na kazi yako tukufu". Utaituma kwa Kiingereza, lakini mifupa yake ni hii:

"Profesa, kwenye makala yenu mlionyesha kwamba panya wasio na jeni hii kwenye osteositi wana mfupa mwingi, ila idadi ya osteoklasti haikubadilika. Nimekuwa nikijiuliza kama kasi ya ujenzi ilipanda, kwa sababu alama za kalseini hazikuonyeshwa.

Uzamivu wangu ulikuwa juu ya fosfeti na figo. Nimepima homoni ya FGF23 kwenye damu za wagonjwa 120, na takwimu nimezichakata mwenyewe. Sijawahi kukata mfupa mgumu, na hilo ndilo ninalotaka kujifunza.

Naomba dakika 20 za mazungumzo juu ya kuomba ufadhili pamoja nanyi mwaka huu. Nimeambatisha wasifu wa kurasa mbili na majina ya wadhamini watatu."

Aya ya kwanza inaonyesha umesoma (kalseini ni rangi inayoonyesha mfupa ulipojengwa, utaikuta Hatua ya 6). Ya pili inasema ulicho nacho na ulichokosa, usifiche ulichokosa. Ya tatu inaomba kitu kimoja kinachowezekana. Asipojibu baada ya siku kumi, kumbusha mara moja, kisha songa mbele. Maprofesa hawa hupokea barua nyingi, na kimya chao hakikupimi wewe.

Hatua ya 4: Fedha na viza

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa masharti hubadilika na lazima uyasome mwenyewe kwenye tangazo la mwaka husika.

Ulaya, mlango mpana zaidi ni ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa watafiti wa baada ya uzamivu. Uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, na kwa miaka mingi mwisho wa maombi umekuwa Septemba. Sharti linalowaangusha wengi ni la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Aliyefanya uzamivu Ubelgiji na bado yuko huko atafute mwenyeji nchi nyingine. Uingereza kuna Newton International Fellowships za Royal Society kwa watafiti walio nje ya nchi hiyo. Shirika la ufadhili la Wellcome nalo lina Early-Career Awards, ambazo mtafiti aliyeko kwenye taasisi ya nchi ya kipato cha chini au cha kati anaweza kuomba akiwa huko huko kwao. Hiyo ya mwisho watu wetu huipita bila kuisoma, na ndiyo inayoweza kukuruhusu kujenga kazi ya mifupa Moshi au Kisumu.

Marekani, utafiti wa mifupa unafadhiliwa sana na NIH, taasisi za taifa za afya, hasa NIAMS, ile ya magonjwa ya viungo, mifupa, misuli na ngozi. Ufadhili wa F32 unadai uraia au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo usipoteze wiki zako huko. K99/R00 haudai uraia, lakini unataka uwe na miaka isiyozidi minne ya postidoki, kwa hiyo saa huanza kuhesabu siku unapoanza postidoki yako ya kwanza. Kiwango cha NIH kwa anayeanza kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka 2024. Kabla ya kukishangilia, pima na kodi ya nyumba ya mji unaokwenda. Kwa viza ya J-1, uliza mapema kama utafungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, kwa kuwa litaamua mipango yako ya baadaye.

Hatua ya 5: Chora kalenda kuanzia mwisho

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikalie. Chukua karatasi kubwa, andika upande wa kulia "mkataba unaisha", kisha rudi nyuma.

Tuseme unataka kufuta jeni kwenye osteoblasti za panya kwa mbinu ya Cre na loksi, ambako kimeng'enya cha Cre hukata jeni iliyowekewa alama za loksi pande zote mbili. Mimba ya panya ni siku 20 hivi, wananyonya siku 21, na wanakuwa tayari kuzaa wakiwa na wiki 6 hadi 8. Mzao wa kwanza unakupa wazazi tu, na wanyama unaowataka huzaliwa kwenye mzao wa pili. Kwa hiyo, tangu siku ya kuwaweka pamoja, ni wiki 13 kabla mnyama wako wa kwanza hajazaliwa: wiki 3 za mimba, 7 za kukua wazazi, 3 za mimba tena. Kisha umsubiri afike wiki 12 hadi 16. Jumlisha wiki 8 hadi 12 za kupiga picha, kulainisha, kukata na kuhesabu. Ukiongeza miezi mitatu ya vibali vya maadili na kuagiza wanyama, namba yako ya kwanza ya kuaminika inaangukia karibu na mwezi wa 12. Na hapo hakuna kilichoharibika.

Sasa idadi. Kwenye mzao wa pili, mtoto mmoja kati ya wanne ndiye mwenye vinasaba unavyotaka, na nusu ya hao ni majike. Ukitaka majike 10, lazima wazaliwe watoto 80. Kwa uzao wa watoto saba saba, hiyo ni mizao 12 karibu pamoja. Vizimba viko vingapi? Nani anavilipia? Ongeza na wanyama wenye Cre peke yake, ambao mzao huu haukupi na lazima uwazalishe kando. Usiwaache. Panya wa Osx-Cre, yaani ambao Cre yao huwashwa kwenye seli za ukoo wa osteoblasti, kwa mfano, wana kasoro zao za mifupa hata kama hujafuta jeni yoyote, na mhakiki wa jarida atakuuliza.

Umri nao una hila. Kwenye panya wa C57BL/6, aina inayotumika sana maabara, mfupa wa ndani wenye matundu kama sifongo huanza kupungua mapema, tangu wiki ya nane hivi, na majike hubaki na kidogo sana kwenye fupa la paja. Ukingoja miezi sita kupima mfupa huo kwa majike, utakuta karibu hakuna cha kupima, na tofauti ya makundi itakupotea. Pima pia pingili za mgongo, ambako hudumu zaidi.

Miezi ya kusubiri usikae bure. Omba miguu ya panya wa kawaida wanaobaki kwenye majaribio ya wenzako na ujifunzie kukata hiyo. Anza kazi ya seli: uboho wa panya, protini ya ukuaji ya M-CSF, kisha RANKL, na ndani ya siku 4 hadi 6 unapata osteoklasti. Kila chupa mpya ya RANKL ijaribu kwa vipimo kadhaa kabla ya kuitumia kwenye jaribio la kweli, na tangu siku ya nne angalia sahani asubuhi na jioni. Seli hizi hukomaa na kufa haraka. Ukilala usiku mmoja zaidi utahesabu maiti.

Hatua ya 6: Siku ya kuvuna mifupa

Kila mnyama ana mapaja mawili, miundi miwili na uti mmoja. Gawanya mifupa kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe, maana kila kipimo kina maandalizi yake na mengi hayarudi nyuma. Mimi hugawa hivi.

Paja la kulia huenda kwenye maikro-CT, kisha kwenye resini kwa ajili ya alama za kalseini. Paja la kushoto hufungwa kwenye shashi iliyolowa maji ya chumvi na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa ajili ya kipimo cha kuvunjwa. Huu usiuguse kwa pombe wala formalini, kwa kuwa vitabadili nguvu yake. Muundi wa kulia huingia kwenye dawa ya kuhifadhi siku moja au mbili, kisha EDTA, kemikali ya kulainisha mfupa, wiki mbili, kisha nta, kwa ajili ya kuhesabu osteoklasti. Muundi wa kushoto hukatwa ncha, uboho hutolewa kwa kuuzungusha kwenye mashine sekunde chache, na mfupa hutumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika kwa ajili ya RNA. Uboho ukibaki, utapima jeni za damu ukidhani ni za mfupa.

Mwaka wangu wa kwanza niliweka miguu yote ya panya 14 kwenye EDTA. Wanyama wale walikuwa wamechomwa kalseini mara mbili, kwa siku nilizozihesabu kwa uangalifu. Kalseini hushika kalsiamu, na EDTA huondoa kalsiamu. Nilipoweka kipande chini ya taa ya mwanga wa floresensi, palikuwa na giza tupu pale ambapo palistahili kuwa na mistari miwili ya kijani. Miezi saba ya kazi ilikuwa imeyeyuka kwenye chupa kwa mkono wangu. Tangu hapo chupa zangu za EDTA zina kifuniko chekundu, na hakuna mfupa unaoingia humo kabla sijasoma karatasi ya mgawo kwa sauti mbele ya mtu wa pili.

Alama hizo zina thamani, na hesabu yake ni rahisi. Unachoma kalseini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, unasubiri tuseme siku tano, unachoma tena, na baada ya siku mbili unavuna. Kila sindano huacha mstari wa kijani pale mfupa ulipokuwa ukijengwa siku hiyo. Umbali kati ya mistari ukiwa mikromita 8, na siku zilikuwa 5, mfupa ulijengwa kwa mikromita 1.6 kwa siku. Picha moja ya mashine haitakupa kasi hiyo. Maikro-CT inakuambia mfupa upo kiasi gani. Haikuambii kama umeongezeka kwa sababu wajenzi walifanya kazi au kwa sababu wabomoaji walilala.

Hatua ya 7: Kupima kwa namna watu watakavyoamini

Kwa maikro-CT fuata mwongozo uliochapishwa mwaka 2010 kwenye Journal of Bone and Mineral Research. Kubwa lake ni ukubwa wa nukta ya picha. Vijiti vya mfupa wa ndani wa panya vina unene wa mikromita 50 hivi, au chini ya hapo. Ukipiga picha kwa nukta ya mikromita 20, kila kijiti kitaonekana kinene kuliko kilivyo. Tumia 10 au chini yake. Kizingiti cha kutenganisha mfupa na uboho kiwe kimoja kwa wanyama wote. Eneo la kupima liamuliwe kwa kanuni, kwa mfano umbali fulani kutoka kwenye sahani ya ukuaji (gegedu ambako mfupa hurefukia), na anayepima asijue mnyama ni wa kundi gani.

Osteoklasti hutiwa rangi ya TRAP, nazo huonekana kama madoa ya damu ya mzee yaliyolalia ukingo wa mfupa. Hapa ndipo subira inapimwa. Unakaa na kipande kimoja, unafuata ukingo kama mtu anayefuata ufuo kwa miguu, ukiuliza kila doa: umeugusa mfupa? Doa lililo katikati ya uboho, hata likiwa jekundu vipi, halihesabiwi kama osteoklasti ya ukingo huo. Kisha idadi unaigawa kwa urefu wa ukingo, usiigawe kwa idadi ya picha, maana mnyama mwenye mfupa mchache ana ukingo mchache pia. Majina na vifupisho vya vipimo hivi viliwekwa na kamati ya ASBMR, jumuiya ya Marekani ya utafiti wa mifupa na madini, iliyoongozwa na Michael Parfitt mwaka 1987 na kuhuishwa mwaka 2013. Vitumie kama vilivyo, usijitungie vyako.

Hatua ya 8: Ukifanya kazi na damu na mifupa ya watu

Vipimo viwili vya damu vinavyopendekezwa kimataifa ni CTX kwa ubomoaji na P1NP kwa ujenzi. P1NP ni mpole. CTX hupanda alfajiri na kushuka mchana, na chai na chapati za asubuhi huishusha. Damu itolewe asubuhi, saa moja hadi saa nne, kabla mtu hajala kitu tangu usiku. Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada: ukikusanya kundi moja mwezi wa Shaabani na jingine ndani ya Ramadhani, umebadilisha saa za kula na kulala za watu wote, na tofauti utakayoiona huenda ni ya daku. Kusanya makundi yote mawili kwa pamoja, au subiri Idi ipite.

Kwa picha za DXA, yaani eksirei za kupima uzito wa madini ya mfupa, jua kwamba alama T ya shingo ya paja hulinganishwa na wanawake weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29, na mpaka wa −2.5 wa kutambua ugonjwa wa mifupa dhaifu (osteoporosi) uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Ukimpima bibi wa Lushoto, namba ile inamlinganisha na hao. Ripoti pia uzito halisi wa madini kwa gramu kwa sentimita ya mraba, ili siku tukipata viwango vyetu namba zako zisomeke upya.

Hatua ya 9: Miezi minane ya mwisho

Usianze jaribio jipya la wanyama ikiwa imebaki miezi minane. Kalenda yako imekwisha kukuambia halitaisha. Andika. Peleka matokeo kwenye mkutano wa ASBMR au wa ECTS, jumuiya ya Ulaya ya utafiti wa mifupa, mapema, hata kama ni bango tu, kwa sababu mbele ya bango ndipo utakapokutana na mtu atakayekuuliza swali lililokosekana kwenye kazi yako, na mara nyingine mtu atakayekuajiri.

Kaeni na msimamizi mwandike kwa barua moja mradi gani unaondoka nao, panya gani unaweza kuagiza baadaye, na data zako zitahifadhiwa wapi. Panya hai ni gharama kubwa kwa taasisi zetu nyingi. Vipande vya resini si hivyo: vinakaa miaka kwenye sanduku kavu, vinabebeka mkononi ukiwa na kibali cha taasisi unayoiacha na cha nchi unayokwenda, na vinaweza kukatwa tena kwa swali jipya. Andika namba ya kila mnyama kwa penseli kwenye karatasi inayozamishwa ndani ya resini yenyewe. Wino huyeyuka.